Kabla ya kununua ngao: namna ya kumheshimu mlezi wa tawi lenu

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Mwanza, anayesoma uhandisi Michigan na aliye mwanachama wa chama cha heshima cha wahandisi, aliniandikia: "Dada, shikamoo. Mlezi wa tawi letu la Tau Beta Pi anatimiza miaka kumi. Tumechanga dola mia mbili. Tumnunulie nini?" Nikaitikia marahaba, kisha nikamuuliza: hapo chuoni, kuna karatasi yoyote inayoeleza mlezi wenu amefanya nini kwa miaka hiyo kumi? Akakaa kimya kidogo. "Karatasi? Hamna dada. Ila kila mtu anajua."

Hapo ndipo tunapokosea wengi. Kila mtu anajua, na mwaka ujao hao kila mtu watakuwa wamehitimu.

Mimi nilisoma saikolojia Indiana, nikawa katibu wa tawi la Psi Chi, chama cha heshima cha saikolojia, chuoni kwetu, na sasa nafanya kazi katika ofisi ya wanafunzi kwenye chuo cha miaka miwili. Kila majira ya kuchipua huwa nakaa na wenzangu kusoma mapendekezo ya tuzo za walezi. Naona yanayopita na yanayotupwa kando, na naona pia barua zetu sisi watu wa Afrika Mashariki, kwa sababu vijana wetu wengi siku hizi wanachaguliwa kuongoza matawi haya. Barua hizo zina adabu nzuri sana na ushahidi kidogo sana. Ndiyo maana naandika haya.

Mlezi anafanya nini hasa

Kwa aliyeko nyumbani ambaye hajakutana na vyama hivi: huko Marekani wanafunzi wenye matokeo ya juu hualikwa kujiunga na vyama vya heshima. Kikongwe kuliko vyote ni Phi Beta Kappa, kilichoanzishwa tarehe 5 Desemba 1776 katika Chuo cha William & Mary, Virginia. Vingine ni vya fani. Tau Beta Pi ni cha wahandisi, kilianzia Lehigh mwaka 1885. Sigma Theta Tau ni cha wauguzi, kilianzishwa na wanafunzi sita Indianapolis mwaka 1922. Psi Chi, chetu sisi wa saikolojia, kilizaliwa Yale mwaka 1929. Kila chuo chenye wanachama kina tawi, na tawi la wanafunzi huwa na mlezi ambaye ni mwalimu au mfanyakazi wa chuo.

Ukimtazama kwa mbali utadhani kazi ya mlezi ni kutia saini. Mkaribie. Ndiye anayehakiki nani anastahili kualikwa. Kwa Psi Chi mwanafunzi wa shahada ya kwanza anatakiwa awe na wastani wa alama usiopungua 3.0 kati ya 4.0 na awe ndani ya asilimia 35 ya juu ya darasa lake, kwa hiyo kuna mtu lazima akae na ofisi ya usajili, apate orodha, aikague. Uongozi wa wanafunzi hubadilika kila mwaka, naye ndiye anayekumbuka nywila ya akaunti ya tawi, jina la mtu wa ofisi ya fedha, na sanduku lenye kitabu cha wanachama limewekwa kabati gani. Ndiye anayejaza fomu ya gari la chuo, na akishaijaza analiendesha mwenyewe.

Wa kwetu alitupeleka Chicago kwenye mkutano wa wanasaikolojia wa Midwest, yaani majimbo ya kati-magharibi, unaofanyika katika hoteli ya Palmer House. Sisi tulilala njia nzima. Yeye aliendesha, akafika, akapiga pasi shati, akasimama kando ya mabango yetu ya utafiti asubuhi nzima. Jioni alikuwa anasahihisha mitihani ya darasa lake kwenye kochi la mapokezi, kalamu nyekundu mkononi, miguu juu ya sanduku lake la safari.

Sasa sikiliza jinsi ajira yake inavyopimwa, maana ukilielewa hili utaelewa kila kitu kitakachofuata. Mwalimu wa chuo kikuu Marekani hutathminiwa kwa mambo matatu: utafiti, ufundishaji na huduma, yaani kazi za kukitumikia chuo nje ya darasa. Ulezi wa tawi uko kwenye hilo la tatu, na hilo la tatu karibu kila mahali ndilo jepesi kwenye mizani. Aliyekwisha kupata ajira ya kudumu anaweza kumudu. Anayeipigania bado, kila Jumamosi anayowapa nyinyi anaiondoa kwenye machapisho yake. Na walio kwenye mikataba ya mwaka mmoja mmoja mara nyingi mkataba wao hautaji huduma hata kwa neno moja; wanafanya kwa mapenzi yao na hawalipwi.

Namjua mwalimu wa mkataba aliyelea tawi kwa miaka, wanafunzi wakimpenda kupita kiasi. Ukutani mwake zilikuwepo ngao za kutosha. Mkataba ulipokuja kujadiliwa, waliokaa kwenye kikao hawakuwa na habari yoyote kuhusu tawi lile, kwa sababu ngao zilikuwa ukutani na faili lilikuwa tupu. Hakuongezewa mkataba. Siwezi kusema barua ingeubadilisha uamuzi. Nasema tu kwamba kikao hakikuwa na cha kusoma.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na kijana wa Michigan nilimwambia hivi hivi: heshima ya kwanza kwa mlezi ni maandishi yanayofika mahali ambapo kazi yake inaamuliwa. Tuzo ya kitaifa ni ya pili. Ngao, keki na maua vije baadaye.

Barua ya faili, ambayo haina tarehe ya mwisho

Hii mnaweza kuiandika wiki hii. Ni barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa idara ya mlezi wenu, nakala kwa mkuu wa kitivo, nakala kwa mlezi mwenyewe. Inatiwa saini na viongozi wote wa tawi, kila mmoja na cheo chake. Mwishoni mnaweka ombi lenye maneno wazi: tunaomba barua hii iwekwe kwenye faili lake la utumishi. Msipoliandika ombi hilo, barua itasomwa, itachekewa kwa furaha, na itaishia kwenye barua pepe za mtu.

Muulize katibu muhtasi wa idara ni lini walimu wanawasilisha taarifa zao za mwaka, maana kila chuo kina kalenda yake. Barua ifike wiki mbili tatu kabla ya hapo, ili mlezi aweze kuiambatanisha. Na hapa niseme neno moja kwa heshima zote: katibu muhtasi wa idara anajua mambo mengi kuliko profesa yeyote katika jengo lile. Msalimieni vizuri hata siku ambazo hamna shida naye.

Ndani ya barua andikeni mambo yanayopimika. Wanachama wangapi waliingia mwaka huu na wangapi mwaka uliotangulia. Shughuli gani zilifanyika, lini, kwa fedha za nani. Wanafunzi wangapi walipeleka utafiti kwenye mkutano. Kisha aya moja ya jambo moja mlilolishuhudia kwa macho yenu. Basi. Mkuu wa idara hana muda wa kurasa tatu, na akipata ukurasa mmoja wenye takwimu ataunukuu neno kwa neno kwenye tathmini yake. Mnamrahisishia kazi, na kwa kumrahisishia yeye mnamsaidia mlezi.

Kama mlezi wenu yuko kwenye mkataba, andikeni kila mwaka bila kukosa, tena kabla ya msimu wa kuongeza mikataba.

Kujua tuzo ipi ni ya nani

Vyama vingi vikubwa vina tuzo zao za walezi. Psi Chi ina tuzo yenye jina la Florence L. Denmark, mwanasaikolojia aliyekuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani mwaka 1980, na chini ya hiyo kuna tuzo za walezi za kanda. Tau Beta Pi ina tuzo ya kitaifa ya mlezi bora. Sigma Tau Delta, cha wanafunzi wa lugha ya Kiingereza, kina tuzo inayoitwa kwa jina la Elaine W. Hughes. Phi Theta Kappa, kilichoanzishwa Missouri mwaka 1918 na ambacho ni cha vyuo vya miaka miwili, kina tuzo kadhaa za walezi, na mojawapo, iitwayo Paragon, ni ya walezi wapya. Hiyo naipenda, kwa sababu mlezi wa mwaka wa pili akitiwa moyo anaweza kukaa ishirini.

Phi Beta Kappa msihangaike nayo kwa njia hii. Tawi lake linaundwa na walimu na wafanyakazi wa chuo ambao wenyewe ni wanachama, nao ndio wanaowachagua wanafunzi. Haliendeshwi na wanafunzi, kwa hiyo hamna "mlezi wetu" wa kumpendekeza. Mtu aliyewahudumia hapo mwandikieni barua ya faili tu.

Halafu msiishie kwenye chama chenu. Ofisi ya masuala ya wanafunzi katika vyuo vingi hutoa kila mwaka tuzo ya mlezi bora wa vyama vyote vya chuo, kuanzia vya heshima hadi vya mpira na dini. Hapo ndipo ninapokaa mimi. Nawaambia ukweli: mara nyingi mapendekezo ni machache kuliko mnavyofikiri. Walezi wengi wazuri hawakosi tuzo kwa kushindwa, wanakosa kwa sababu hakuna aliyeandika jina lao.

Chukueni masharti ya tuzo moja, yachapisheni, yabandikeni mahali mnapokutana. Someni kila sharti. Nyingine zinataka tawi liwe limelipa ada zake na kupeleka taarifa ya mwaka. Msipokuwa mmepeleka, barua yenu hata iwe ya dhahabu haisomwi. Nyingine zinataka mlezi awe ametumikia kipindi fulani, au ziwekewe barua ya mkuu wa idara, ambayo mnapaswa kuiomba mapema. Mapema maana yake mwezi mzima. Mkiomba barua Ijumaa kwa ajili ya Jumatatu, mtapata barua ya Ijumaa.

Mkisoma masharti mkagundua kwamba mlezi wenu hajafanya hata nusu yake, msimpendekeze. Nasema hili kwa sababu najua tulivyolelewa: mkubwa hapitwi, mkubwa haachwi bila shukrani. Wapo walezi wa jina tu, wanaotia saini na kutoweka. Mpeni kadi ya asante kwa saini zake. Tuzo iacheni kwa anayeibeba kazi, hata kama huyo ni mlezi msaidizi, au ni yule mama wa ofisi anayewafungulia chumba kila Alhamisi.

Kukusanya ushahidi

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo ambayo wengi wanaikwepa.

Anzeni na makabrasha ya tawi: kumbukumbu za vikao, taarifa za mwaka, taarifa za benki. Mweka hazina atawaambia mambo ambayo mwenyekiti hayajui. Mkiona mwaka fulani kuna malipo ya hoteli, halafu mwaka uliofuata hakuna ingawa wanafunzi walisafiri, ulizeni nani alilipa. Mara nyingi jibu litawanyamazisha.

Kisha watafuteni waliowatangulia. Wale ndio hazina. Mwanafunzi wa sasa anaweza kusema mlezi alimsaidia kujaza fomu. Aliyehitimu miaka sita iliyopita anaweza kusema ile fomu ilimfikisha wapi. Msiwaandikie swali pana kama "Unamkumbukaje mlezi wetu?" Mtajibiwa "Alikuwa mtu mzuri sana," na hamtapata cha kufanya nacho. Waulizeni hivi: "Kuna jambo gani moja alilokufanyia ambalo halikuwa wajibu wake? Lilitokea lini? Baadaye kilifuata nini?" Maswali matatu, ujumbe mfupi, tarehe ya kujibu.

Msikatae sauti. Tulipokuwa tunaandaa pendekezo letu, dada mmoja aliyehitimu zamani alitutumia sauti ya WhatsApp kutoka Nairobi, honi za matatu zikisikika nyuma yake. Alisimulia kwamba asubuhi ya mtihani wake wa kuomba shahada ya uzamili theluji iliziba barabara, mabasi yakasimama, na mlezi akaja na koleo kwenye buti la gari, akachimba njia kutoka mlangoni kwake hadi barabarani, akampeleka, akamsubiri ndani ya gari mpaka mtihani ukaisha. Jambo hilo mlezi hakuwahi kulitaja kwa mtu. Tuliiandika sauti ile kwenye karatasi, tukamrudishia aikague, akairekebisha kidogo na kutia saini. Ndiyo ilikuwa aya bora kuliko zote kwenye faili letu.

Angalizo la sheria. Tangu mwaka 1974 Marekani ina sheria ya faragha ya kumbukumbu za masomo, inayojulikana kwa kifupi FERPA. Sheria yenyewe inavibana vyuo, lakini roho yake iwaongoze na nyinyi. Msiandike kwamba mlezi alimwokoa fulani asifukuzwe kwa wastani mbovu, wala msitaje ugonjwa wa mtu au hali yake ya uhamiaji, bila yeye mwenyewe kukubali kwa maandishi. Kwa wenzetu wa viza hili ni zito zaidi. Kama kisa ni kizuri lakini mwenyewe hataki jina, andikeni "mwanachama mmoja" na muondoe kila kinachoweza kumtambulisha.

Je, mlezi aambiwe? Watu hupenda kumshtukiza. Mimi ningemwambia, kwa sababu tuzo nyingi zinadai wasifu wake wa kitaaluma, na wasifu huo unao yeye. Tena wapo watu ambao hawapendi kabisa kuinuliwa mbele za watu, na ni heri mjue mapema kuliko kumwona amekaa jukwaani kama aliyeitwa polisi. Mshtukizeni kwa barua za wanafunzi. Hizo asizione hadi siku yenyewe.

Kuandika barua ya pendekezo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapoangukia.

Sisi tumefundishwa kuandika shukrani. Tunaanza na salamu, tunamtukuza mtu, tunamwombea maisha marefu, tunamalizia na methali. Kwenye sherehe ya kumuaga mwalimu Tanga hiyo ni barua safi. Mezani petu inakuja hivi (naitafsiri kutoka Kiingereza, na nimeibadilisha ili mwenyewe asijitambue):

"Daktari wetu ni mlezi bora na mwenye upendo mkubwa. Anajitolea usiku na mchana. Mlango wake uko wazi daima. Bila yeye tawi letu lisingefika hapa lilipo. Ni mama yetu wa chuoni, na maneno hayatoshi kumshukuru."

Jaribu kuweka jina la mwalimu mwingine yeyote kwenye barua hiyo. Inaingia bila kubadilisha neno. Basi haijasema kitu. Tena tunasoma barua kama hiyo nyingi kwa siku moja, na zikishapangwa pamoja ni sare za shule, huwezi kujua ipi ya nani.

Sasa soma hii:

"Tulipopokea uongozi mwezi Agosti, tawi halikuwa na akaunti iliyo hai wala orodha ya wanachama. Dk. ___ alikaa na mweka hazina wetu katika ofisi ya fedha za wanafunzi mpaka saini zikabadilishwa, kisha akamfundisha kuandaa bajeti. Novemba tulipokea wanachama 19; mwaka uliotangulia hakuingia hata mmoja. Aprili aliwapeleka wanafunzi sita Chicago na mabango yao. Mmoja wetu alikuwa hajawahi kuongea mbele ya watu kwa Kiingereza. Dk. ___ alijifanya mgeni, akamuuliza maswali mbele ya bango mara nne kabla milango haijafunguliwa. Mwanafunzi huyo sasa yuko mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili."

Haina sifa hata moja. Hakuna "bora", hakuna "upendo". Msomaji anazitia sifa mwenyewe, na sifa ambazo mtu amejitilia haziondoki kichwani. Angalia pia mpangilio: hali ilikuwaje, alifanya nini, kilitokea nini. Kila aya iende hivyo. Aya tatu za namna hiyo zinatosha, zikiwa za mambo matatu tofauti. Wengi huandika aya tatu za jambo moja.

Kuna suala la "mama yetu". Najua kwetu ni heshima kubwa, na mimi mwenyewe yule aliyetupeleka Chicago namwita baba hadi leo. Lakini kwenye barua ya kazi ya Marekani linamgharimu mwanamke. Juan Madera na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2009 ulioonyesha kwamba barua za kupendekeza wanawake kwenye kazi za vyuo vikuu huwaeleza zaidi kwa upole na ukarimu wao, na wanaume kwa kuthubutu na kuongoza. Na kwamba maneno ya upole yaliendana na kupewa alama za chini za kufaa kuajiriwa. Kwa hiyo mlezi mwanamke mwandikieni vitenzi: alianzisha, alijadiliana, alipata fedha, alikataa, alipanga upya. Na cheo chake kiwepo kila mnapomtaja. Nimeona faili moja ambamo mlezi mwanamume ni "Dk. Fulani" kutoka juu hadi chini, na msaidizi wake mwanamke, mwenye shahada ile ile, anaitwa kwa jina lake la kwanza. Walioandika walikuwa wanawake watupu.

Methali ziacheni. Nazipenda kuliko mnavyofikiri, lakini zikitafsiriwa zinafika zimekufa, na zinakula mistari mitatu ya ushahidi.

Barua zisiandikwe na mtu mmoja. Katibu aandike ile kuu, wengine waandike zao kwa mikono yao, kila mmoja kisa chake. Mkishirikiana kisa kimoja, jopo litanusa. Na ikiwa Kiingereza cha mmoja wenu kinasuasua, kiacheni kisuesue kidogo. Rekebisheni pale tu ambapo maana inapotea. Barua ya mwanafunzi aliyehangaika kuiandika ina uzito ambao barua iliyonyooshwa na mashine haina, na siku hizi zilizonyooshwa na mashine tunazitambua kabla ya kufika aya ya pili.

Hafla na zawadi

Mahali pazuri pa kumheshimu ni kwenye hafla ya kupokea wanachama wapya, kwa sababu wazazi wapo na mkuu wa idara ni rahisi kumwalika. Mwalikeni mkuu wa idara kwa barua, na mtu akamsindikize kiti cha mbele. Akiwa amekaa pale akasikia kisa cha koleo na theluji, mmefanya kazi ya barua mbili.

Azungumze mtu mmoja, dakika tatu, asome kisa kimoja. Sisi tukishika kipaza sauti hatukiachii. Chagueni mwenye karatasi. Mwalikeni na mwenza wa mlezi, au watoto wake. Hao ndio waliompoteza kila Jumamosi, na nimeona mke wa mlezi akilia kwa kusikia hatimaye mume wake alikuwa wapi.

Kuhusu zawadi: vyuo vya umma ni taasisi za serikali ya jimbo, na majimbo mengi yana masharti juu ya thamani ya zawadi ambayo mtumishi anaruhusiwa kupokea. Ulizeni ofisi ya chuo kabla ya kutumia hizo dola mia mbili. Na kama yeyote kati ya waliochanga bado yuko kwenye darasa lake, subirini alama zitoke. Hata zawadi ya nia njema, ikitolewa wiki ya mtihani, ina sura mbaya.

Kitu kidogo chenye jina la tawi kinatosha: kitabu kilichotiwa saini na wote, au picha ya safari kwenye fremu. Khanga inapokelewa vizuri mno, mkiambatanisha karatasi inayoeleza maandishi yake. Chagueni maandishi kwa makini. Nimewahi kumzuia binti mmoja mlangoni, amebeba khanga ya kumpa profesa yenye maneno ya kumpiga kijembe mke mwenza.

Kwa walioko vyuo vya nyumbani

Vyama hivi vyenye herufi za Kigiriki ni vitu vya Marekani zaidi, lakini walezi mnao: wa chama cha wanafunzi wa udaktari, wa klabu ya mdahalo, wa chama cha sheria. Tuzo za kitaifa za walezi huenda hamna. Barua ya faili mnayo. Iende kwa mkuu wa idara, nakala kwa mshauri wa wanafunzi, ikiwa na tarehe na takwimu kama nilivyoeleza juu. Ichapwe, ipigwe muhuri wa chama, ipelekwe kwa mkono, na aliyeipokea atie saini kwenye nakala yenu. Barua pepe peke yake nyumbani bado ni upepo.

Mkikosa tuzo

Jopo likisema hapana, andikeni kuuliza kwa adabu ni kipi kilipungua. Wengine hujibu, sisi hujibu. Faili msilifute. Liwekeni kwenye hifadhi ya tawi, siyo kwenye akaunti ya katibu ambayo itafungwa akihitimu, likiwa na barua zote, anwani za waliohitimu, na ukurasa mmoja wa maelekezo kwa viongozi wapya: tuzo gani, masharti gani, mwezi gani wa kuanza. Mwaka unaofuata wataongeza aya mbili na kulipeleka tena. Mapendekezo mengi ninayoyaona yakishinda yamekuja mezani kwa mara ya pili.

Kijana wa Michigan amenitumia rasimu yake ya kwanza juzi. Ina "usiku na mchana" mara mbili. Nimeirudisha na wino mwekundu, na nimemwambia amtafute mweka hazina wa mwaka 2019.